Pingu Mdomoni mwa Uchochoro

Tak. Tak.

Fimbo iligonga mguu wa kitanda gizani, ikanyamaza, ikagonga tena, taratibu, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Upande wa pili wa pazia mama aliisikia, akajigeuza, akavuta shuka. Mlio ule haukuwa wa kumwita yeye. Ulikuwa wa kumwita mtoto.

"Mjukuu wangu," bibi aliita, na sauti yake ilitoka pamoja na mluzi mwembamba wa kifua. "Umeamka?"

"Nimeamka zamani."

"Zamani ya lini, na mimi nilikuwa nakusikia unakoroma? Hebu nichungulie njia."

Miguu midogo ikashuka sakafuni. Komeo likalia. Ubaridi wa alfajiri ukapenya chumbani na kulitikisa pazia lililowagawa watatu wale: huku kitanda cha chuma cha bibi na mkeka wa mtoto, huku godoro la mama na jiko. Mtoto alikuwa bado anang'oka meno ya mbele, lakini kazi alikuwa nayo, na kazi yenyewe aliifanya kabla hata ya kunawa uso. Alisimama kizingitini, akautazama uchochoro mpaka mdomoni, pale unapokutana na barabara, kisha akarudi na habari. Njia ikiwa wazi alisema, "Bibi, njia nyeupe," na bibi akaanza kutafuta ndara zake kwa ncha ya fimbo. Ikiwa imezibwa, ndara zilibaki uvunguni.

"Imezibwa, bibi. Gari la magodoro."

"Haya. Leo tena mimi ni mfungwa bila kesi."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Mama alikuwa ameshaamka. Alimwinamisha mbele, akamsugua mgongo kwa kiganja, akamshikia dawa ya kuvuta mdomoni mpaka mluzi ule ukapungua.

Uchochoro wao ulikuwa mwembamba, na gari lile la bodi ya bati likiegeshwa mdomoni, baina yake na ukuta ilibaki nafasi ya mtu kupita ubavu. Wembamba walipita. Watoto walipita. Bibi hakuweza. Mwenyewe alisema Mungu alipomuumba hakupima kwa kijiko, alimimina. Tena alitembea mkono mmoja ukiwa kwenye fimbo na wa pili ukiwa ukutani. Safari yake yote ya siku ilikuwa kutoka mlangoni hadi kibarazani kwa fundi cherehani, pale kwenye kona. Fundi alimwekea kigoda, naye akakaa akiota jua na kusalimiana na wapita njia. Wengine hawakujua jina lake, lakini wasipomkuta waliulizia afya yake. Daktari alikuwa amesema wazi: mwenye pumu hii anahitaji hewa, si moshi wa chumbani. Hewa ilikuwepo, pale pale kwenye kona. Gari la magodoro nalo lilikuwepo.

"Kesho utaota jua, mama," mkwewe, mama wa mtoto, akamwambia, huku akifunga vifungo vya kizibao chake cha kung'aa. "Msimamizi amekubali. Tangu leo uchochoro wetu uko kwenye zamu yangu."

Bibi akalishika pindo la kizibao kile.

"Usigombane na watu kwa ajili yangu, mwanangu. Yule kijana naye anatafuta."

"Anatafuta kwenye pumzi zako?"

"Riziki haichagui pa kuegesha," alisema bibi, na mtoto akacheka ingawa hakuelewa.

Bibi hakumzaa mama huyu. Alimzaa mumewe. Walipomzika mumewe yule, ndugu walikaa kikao kuamua mama mzee aende kwa nani, wakashindana kwa maneno mazuri, kila mmoja akimsogezea mwenzake. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimeshaamua. Nakaa na huyu anayelia kama mimi." Tangu siku ile hawakuwahi kuachana, na kama kuna watu walitaka kuona ukwe wenye magomvi, pale walikosa tamasha.

*

Mjini mama huyu walimwita Mama Pingu. Jina alipewa na madereva, na madereva hawakumpa kwa upendo. Kazi yake ilikuwa kufunga magari yaliyoegeshwa pasipostahili: mbele ya milango ya watu, juu ya njia za miguu, kwenye vivuko, mbele ya zahanati. Chuma kile cha manjano chenye meno mawili kilibana gurudumu, kufuli likalia ka!, na gari likawa jiwe. Kisha stika ikabandikwa kwenye kioo cha mbele, na juu yake namba ya simu ya aliyefunga.

Mwenzake katika zamu alikuwa kijana mrefu waliyemwita Kiberiti, kwa kuwa aliwaka upesi na kuzimika upesi. Yeye ndiye aliyebeba vyuma begani. Nyuma yao, kutwa nzima, lilizunguka gari moja la kuvuta la mji mzima, na dereva wake, Mzee Ndoana, ambaye alikuwa ameifanya kazi ile tangu magari yakiwa ya kuhesabika. Siku ya kwanza ya Mama Pingu kazini, Mzee Ndoana alimkalisha chini akamfundisha mambo mawili.

La kwanza: "Pingu haiondoi gari. Pingu inalikalisha. Palipo pembamba usifunge, nisubiri mimi na ndoana yangu."

La pili: "Simu ya dereva aliyefungwa haipokelewi mpaka gari la kuvuta lifike. Ukiipokea, atakulilia. Akikulilia, utafungua. Ukifungua, kesho yupo pale pale na shemeji yake."

La pili alilijaribu mwenyewe akaliona ni kweli. Miezi ya mwanzo alizipokea. Alisikia harusi, misiba, ndege zinazokaribia kuruka. Lakini zaidi ya yote alisikia kuhusu mama. Kila dereva aliyefungwa alikuwa na mama mgonjwa. "Mji huu," Kiberiti alipenda kusema, "baba zetu wote ni wazima wa afya. Mama zetu ndio hoi." Wakacheka. Ukifanya kazi ya kutukanwa tangu asubuhi hadi jioni, unahitaji cha kuchekea.

*

Jua lilikuwa limeanza kuuma walipofika kwenye uchochoro wa nyumbani kwake. Gari la magodoro lilikuwepo, milango ya nyuma imefunguliwa, magodoro ndani yamebanana kama vipande vya mkate. Kijana mwenye gari alikuwa anashusha moja kulipeleka dukani, ng'ambo ya barabara.

"Ndugu yangu, hapa ni njia ya watu," Mama Pingu alisema.

"Dakika moja, dada."

"Dakika yako hiyo ina umri gani? Tangu alfajiri uko hapa."

"Dada, nikiegesha kule mbali nabeba kichwani. Godoro si kofia." Akajitupia godoro kichwani, akavuka nalo barabara, akiwa anacheka. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mama Pingu.

Kutoka kibarazani, fundi cherehani aliinua kichwa kwenye kazi yake. "Mganga hajigangi!" akapaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Magari ya wakubwa unayafunga, Mama Pingu, hapa kwako kigari cha magodoro kimekushinda!"

Watu wakacheka madirishani. Mama Pingu akatoa simu, akampigia Mzee Ndoana.

"Niko hapa sokoni," mzee akajibu, na honi zikipiga nyuma yake. "Nakuja sasa hivi. Mshikilie."

Mshikilie. Ni rahisi kusema. Kijana wa magodoro alijulikana: akiona tu kile kichwa chekundu cha gari la kuvuta kikitokeza kwenye kona, alirukia usukani, akazunguka mtaa mara moja, na mzee akiondoka alirudi. Alikuwa ameshafanya hivyo kwa zamu nyingine, mara nyingi, na mtaa ulikuwa ukimshangilia kama mchezaji mpira.

Mama Pingu akamtazama Kiberiti. "Lete chuma."

"Hapa?" Kiberiti hakukitua. "Mzee alisema nini kuhusu pembamba?"

"Mzee yuko sokoni hapo. Akifika anakokota na pingu yake. Nisipofunga, huyu anakimbia."

"Na mzee akichelewa?"

"Sokoni na hapa ni pua na mdomo, Kiberiti. Lete."

Akapiga goti. Kwa miaka yote ya kupiga magoti mbele ya magurudumu ya wageni, hakuwahi kufunga kwa raha kama siku ile. Meno ya chuma yakakumbatia tairi, akasukuma kufuli kwa kiganja. Ka! Madirishani watu wakapiga makofi. Fundi alisimama, akainama kwa heshima, tepe yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mtoto alikuwa ametoka kuangalia, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Aliliona gari, akaona chuma cha manjano, akamwona mama yake aliyepiga goti kama mshindi. Akageuka mbio, ndara zikipiga kofi uchochoroni, kwenda kutoa habari. Punde akarudi, anahema.

"Mama, bibi anauliza: likifungwa litaondokaje?"

Kiberiti akatazama pembeni. Mama Pingu akacheka, akabandika stika kwenye kioo na kuipapasa ikae vizuri.

"Mwambie bibi, Mzee Ndoana anakuja. Aanze kutafuta ndara zake."

Mtoto akakimbia tena na jibu hilo. Wao wakachukua vyuma vilivyobaki, wakaendelea na zamu, kwa sababu mji hauishii kwenye uchochoro mmoja.

*

Simu ya kwanza iliingia walipokuwa mbele ya benki, wakibishana na mwanamke aliyeegesha juu ya njia ya miguu. Namba ngeni. Mama Pingu aliitazama, akairudisha mfukoni.

"Godoro?" Kiberiti aliuliza.

"Nani mwingine."

Ikakatika. Ikaita tena. Ikakatika, ikaita. Aliizima mlio, ikabaki kumtetemekea pajani kama mdudu aliyefunikwa kwa kikombe. Mwanamke wa benki akaondoa gari lake huku akiwaapiza. Wakasonga hadi mtaa wa pili, wakakuta teksi iliyolala kwenye kivuko, wakaifunga. Simu haikuchoka.

"Ana moyo huyo," Kiberiti alisema. "Kwa bidii hii angekuwa ameshabeba magodoro yote kichwani."

Kisha ukaja ujumbe. Mama Pingu akaufungua akiwa anatembea, akausoma kwa sauti, kama walivyozoea: "Dada njoo ufungue gari haraka kuna mama mgonjwa."

Wakatazamana. Kiberiti ndiye aliyeanza, akacheka mpaka vyuma vikagongana begani. "Si nilikwambia! Mama zetu!"

Naye alicheka. Baadaye atajaribu kukumbuka kama kicheko chake kilikuwa kirefu au kifupi, na atatamani kingekuwa kifupi.

Simu iliyofuata ilikuwa ya Mzee Ndoana, na hiyo akaipokea. Mzee alikuwa hajatoka sokoni. Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa katikati ya njia na mwenyewe haonekani, foleni imejifunga mbele na nyuma. "Nimekwama kama mfupa kooni," mzee alisema. "Lile la kwako hukulifunga lakini? Pale ni pembamba."

Kabla hajajibu, namba nyingine ikaanza kumwita juu ya sauti ya mzee. Hii aliijua. Fundi cherehani.

"Mama Pingu." Sauti ya fundi haikuwa na mzaha hata chembe. "Ufunguo. Bibi kifua kimembana. Kijana wa magodoro amekupigia mpaka simu imemzimikia. Njoo na ufunguo."

Alikimbia. Alisahau kumwambia Kiberiti, akakimbia na kizibao chake cha kung'aa, na rundo la funguo likimpiga nyonga kila hatua. Magari yalikuwa yamesimama barabara nzima, bampa kwa bampa. Akapita katikati yake, na dereva mmoja aliyemtambua akatoa kichwa dirishani. "Leo unamfunga nani, mchawi wee?" Hakusikia mwisho wake.

Alipofika, watu walikuwa wamesimama mdomoni mwa uchochoro, nao wakampisha. Gari lilikuwa pale pale. Chuma kilikuwa pale pale. Godoro moja jipya, likiwa bado kwenye nailoni yake, lilikuwa limesimamishwa ukutani, kona moja imechanika pale walipojaribu kulipitisha na likakataa. Mtoto alisimama kando ya godoro lile, ameishika fimbo ya bibi kwa mikono yote miwili. Fimbo ilikuwa ndefu kumzidi.

"Bibi yuko wapi?"

"Amebebwa," mtoto alisema.

Fundi akamweleza, haraka, akitazama chini. Teksi ya jirani ilikuwepo ndani ya uchochoro, tayari, na bibi wameshampakia. Kijana wa magodoro alikuja mbio kuondoa gari lake. Lilipofungwa alikuwa ndani ya duka ng'ambo, hakuwa amejua. Aliliwasha, likaguna, likakataa. Akashuka, akakipiga chuma kwa jiwe mpaka jiwe likapasuka. Akapiga ile namba. Akapiga. Akaandika. Mwisho walijaribu godoro, wamlaze wapite naye, halikupita. Ndipo kijana akambeba bibi mgongoni, mzima mzima, akajipenyeza naye kwa nguvu baina ya bati na ukuta, bati likibonyea, kidogo kidogo, watu wakimsukuma kwa huku na kumvuta kwa kule. Akavuka naye barabara ile ya foleni kwa miguu hadi upande wa pili, magari yalikokuwa yakitembea.

"Alikuwa anapumua?"

Fundi akaivua tepe shingoni. "Alikuwa anasema na yule kijana," alisema. "Alikuwa anamwambia, pole, mimi ni mzito."

Mama Pingu akapiga goti. Hakuna aliyemwambia afungue, wala hapakuwa na sababu tena. Lakini akatafuta ufunguo katika rundo, akautia, ukakataa, akautoa, akautia mwingine. Watu walisimama wakimtazama. Kufuli likaachia. Akakivuta chuma, akakikokota mpaka kando, na chuma kikaacha mstari mweupe kwenye saruji.

*

Kwenye veranda ya hospitali, kijana wa magodoro alikuwa amekaa kwenye benchi, viwiko vimechubuka hadi nyama, shati limeshikana na mgongo. Mapajani alikuwa ameweka ndara moja ya bibi. Alipomwona mwanamke mwenye kizibao akija, alisimama. Alimtazama usoni, akatazama kizibao, akatazama funguo.

"Ni mama yako?" aliuliza.

"Ni mama wa mume wangu." Akapumua. "Ni mama yangu."

Kijana akaketi tena, taratibu. Akaigeuza ile ndara, akaifuta vumbi kwa kidole gumba. Mama Pingu alikaa upande wa pili wa benchi. Muuguzi alipita, mlango ukafunguka ukafungwa.

"Nilipiga simu," kijana alisema mwishowe. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaka angalau jambo moja lieleweke.

"Niliiona," alisema Mama Pingu.

Walikuwa bado wamekaa hivyo, ndara katikati yao, muuguzi aliporudi. Hakuwa na haraka tena. Akawauliza nani ni wa mgonjwa, na wote wawili wakasimama.

*

Hakuna aliyemlaumu. Hilo lilikuwa zito kuliko mengine. Majirani walikuja msibani, wakakaa, wakampikia, wakamlaza mtoto. Walisema siku yake ilifika, walisema pumu ni pumu, walisema kazi ya Mungu. Fundi alifunga cherehani, akakaa na wanaume nje bila kufanya mzaha hata mmoja, na kila alipokutana na macho ya Mama Pingu aliyashusha yake, kama kwamba yeye na methali yake ndio waliofunga. Laiti mtu mmoja angesimama akamtukana! Matusi alikuwa ameyazoea, angejua pa kuyaweka. Upole huu hakuwa na mfuko wake.

Usiku na mchana alilisikia swali moja tu, kwa sauti ya mtoto inayohema: likifungwa litaondokaje? Lilikuwa swali la mtu mzima mwenye akili zake, lilikuwa limetumwa likiwa na jibu ndani, naye alilijibu kwa kicheko na stika.

Kijana wa magodoro alikuja siku ya pili, kwa miguu, viwiko vimefungwa kitambaa. Watu hawakujua wamkaribishe vipi. Alipita kati yao hadi alipokaa Mama Pingu, akachuchumaa.

"Dada, mimi ndiye niliyeegesha."

"Na mimi ndiye niliyefunga."

Mtoto aliyekuwa amejilaza mapajani mwa mama yake aliinua kichwa, akawaangalia mmoja mmoja.

"Basi kaa," Mama Pingu alimwambia. Akakaa mpaka jioni.

Tangu hapo gari lake halikuonekana tena mdomoni mwa uchochoro. Aliegesha mbali, ng'ambo ya pili, kwenye uwanja, na magodoro akayabeba kichwani, moja moja, jua likimchoma, akipita mbele ya kibaraza cha fundi ambako kigoda kilikuwa bado kimewekwa na hakuna aliyekikalia.

*

Mama Pingu alirudi kazini. Msimamizi alimwuliza kama angependa kukaa ofisini kwa muda, akakataa. Mzee Ndoana alishuka kwenye gari lake, jambo asilolifanya kwa mtu, akamshika mikono yote miwili. Kiberiti alibeba vyuma kimya, na ikapita wiki bila kuwaka.

Kisha siku moja, mbele ya sinema ya zamani, walifunga gari dogo jeupe lililoegeshwa mlangoni, wakaondoka, na mtaa wa pili simu ikaanza kutetemeka. Namba ngeni. Kiberiti alimwona akiitoa mfukoni, akaona kidole chake kikienda, akashangaa.

"Naam, ndugu," alisema Mama Pingu. "Nakusikia. Uko wapi?"

Sauti ya mwanaume ikamiminika, nyepesi, yenye mazoezi: dada, naomba unisaidie, nina mama mgonjwa, yuko hoi.

"Nakuja," alisema.

"Mwongo huyo," Kiberiti alisema. "Nimemwona mimi. Alikuwa anakula, kachomeka leso shingoni."

"Najua."

"Sasa?"

Alikuwa ameshageuka, anautafuta ufunguo katika rundo akiwa anatembea. Kiberiti alitikisa kichwa. Kisha akaviinua vyuma begani, akamfuata.

*

Alfajiri moja Mama Pingu aliamka kabla ya wakati, akalala akisikiliza. Ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu msiba: mwili uliisubiri fimbo. Chumba kilikuwa na giza lile lile, na pazia lile lile, lakini kimya chake kilikuwa kikubwa mno kwa chumba kidogo namna ile. Hakukuwa na mluzi wa kifua. Hakukuwa na tak. Kitanda cha chuma kilitandikwa, na mtoto, ingawa alikaribishwa, hakutaka kukilalia. Aliendelea na mkeka wake pembeni, kama msaidizi anayengoja kuitwa. Mlangoni hakuchungulia tena. Alikuwa akiamka mwisho, kwa kuvutwa mkono.

Leo mama alisikia kitu. Alizuia pumzi.

Miguu midogo ilishuka sakafuni, peku. Ilisita. Ikaenda. Komeo likalia, na ubaridi ukaingia, ukalitikisa pazia, na kwenye ufa wa pazia mama akamwona binti yake amesimama kizingitini, mgongo umeelekea chumbani, mkono juu ya macho kama baharia mdogo, akiutazama uchochoro wote mpaka mwisho. Huko mwisho, barabarani, taa ya gari moja ilipita ikamulika ukuta kwa ukuta, na hakukuwa na kitu cha kuizuia.

Mtoto alikaa pale kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akakikabili kitanda kile kilichotandikwa, na kwa sauti ya kusikika kabisa, kama mtu aliyekumbuka kazi yake, akasema:

"Bibi, njia nyeupe."